Faragha ya Mwanafunzi Huanza Lini?

Kila msimu wa maombi ya chuo kikuu, vijana wa Sikuda hupanda bodaboda kwenda Busia mjini au Tororo, wakaketi katika vibanda vya kompyuta na kumtajia mwenye kibanda kwa sauti jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya mtihani, nambari ya kitambulisho na simu ya mzazi. Foleni nzima yasikia. Fomu zilizochapwa vibaya tumezikuta sokoni zikifungia karanga.

Tukilalamika, twajibiwa: hao bado si wanafunzi, chuo hakijawapokea, kitawalindaje?

Hoja hii tunaikataa. Huko Marekani ingepata pa kusimamia, maana sheria yao ya mwaka 1974 ya kumbukumbu za elimu huanza kumlinda mtu chuoni pale anapohudhuria masomo. Aliyeomba akakataliwa hana dai kwa sheria hiyo. Zetu si hivyo. Sheria za kulinda taarifa za watu, ya Kenya na ya Uganda, zote za mwaka 2019, hazimtaji mwanafunzi bali mtu. Ile ya Uganda humtambua mhusika tangu taarifa zake zinapoombwa, hata kabla hazijaandikwa. Basi ulinzi huanza fomu inapouliza jina. Na aliye chini ya miaka 18, kwa kawaida hutakiwa idhini ya mzazi au mlezi.

Wako wenzetu wasemao kuwa asiye na siri hana la kuogopa. Walimu wa Kiswahili hatukutarajia kuyasikia hayo ukumbini mwetu! Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni mahali pa mtu, awe anaficha au haficha. Binti aliyepata alama za chini hakutenda kosa, lakini si haki ya kijiji kizima kuzisoma.

Wala tusiwanyoshee kidole wenye vibanda peke yao. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sisi nasi, ni mara ngapi tumesoma matokeo ya mtihani mbele ya gwaride, jina kwa jina, hadi wa mwisho?

Msimu huu tumeazimia kuwajazia watahiniwa wetu fomu shuleni, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Orodha ya alama za mwaka jana ingali ukutani mwa ofisi yetu. Tunaibandua Jumatatu.