Familia nane, mita moja: bili ya maji Ukunda humwangukia nani?

Mimi hupenda kuanza na karatasi yenyewe. Ukichukua bili ya maji ya nyumba ya kupanga kule Ukunda au Msambweni, utakuta jina la mwenye nyumba, nambari ya akaunti, masomo mawili ya mita, jumla ya yuniti na pesa za kulipwa. Majina ya wapangaji hayamo. Lakini wanaolipa ni wao, na mara nyingi hawajawahi kuiona hiyo karatasi. Huambiwa tu, "Mwezi huu maji ni mia sita kila chumba," mambo yakaisha hapo.

Leo nataka tuipitie bili hiyo mstari kwa mstari, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalowaumiza watu wa kipato kidogo bila ya mtu yeyote kuvunja sheria. Nalo litazidi kuuma siku mabomba ya maji taka yatakapofika Diani.

Tuanze na yuniti. Yuniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Kwa lugha ya nyumbani, ni mitungi 50 ya lita 20. Msoma mita huja, huandika nambari, hutoa ile ya mwezi uliopita, na kinachobaki ndizo yuniti zako. Ikiwa nyumba ilikuwa imefungwa au mita imeharibika, bili huweza kutolewa kwa makadirio. Kwa hivyo angalia kwanza kama nambari iliyo kwenye karatasi inalingana na iliyo kwenye mita. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Bei ya yuniti haitungwi na karani wa ofisini. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti kazi ya maji na usafi wa mazingira. Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Kwale, KWAWASCO, ndiyo inayotoa huduma kwa niaba ya kaunti yetu. Lakini haiwezi kupandisha bei ipendavyo. Sheria ya Maji ya 2016 inataka bei zipitiwe na kuidhinishwa na bodi ya kudhibiti huduma za maji, WASREB, na kabla ya hapo wananchi waulizwe maoni yao. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, pamoja na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Hakisemi maji yatakuwa ya bure. Kinachotakiwa ni bei isiyomfungia mtu nje ya haki hiyo.

Basi ili maskini asifungiwe nje, Kenya inatumia bei ya ngazi. Yuniti chache za mwanzo, kwa kawaida 6, huuzwa kwa bei nafuu. Ukipita hapo, kila yuniti inayofuata huwa ghali zaidi, na ukizidi tena hupanda tena. Fikra yake ni nzuri. Mwenye kupika, kufua na kuoga tu hulipa kidogo, na mwenye bustani kubwa na bwawa la kuogelea hulipa zaidi, ili ziada yake imbebe yule wa chini.

Sasa ilete fikra hiyo kwenye nyumba zetu. Nyumba ya kupanga ya Ukunda ina vyumba sita, vinane, hata kumi, na mfereji mmoja uani. Mita ni moja. Mashine hiyo haina macho ya kuona kwamba nyuma yake wako mama nane wenye sufuria nane. Yenyewe inahesabu mteja mmoja anayetumia maji mengi kupita kiasi.

Tufanye hesabu. Nambari hizi ni za mfano tu, si bei za kampuni yoyote. Tuseme yuniti 6 za kwanza ni shilingi 80 kila moja, kuanzia ya 7 hadi ya 20 ni shilingi 110, na kuanzia ya 21 hadi ya 50 ni shilingi 130. Kila familia inatumia yuniti 5 kwa mwezi, yaani mitungi 250, kama minane kwa siku. Familia yenye mita yake ingelipa 5 mara 80, shilingi 400. Familia nane zingelipa jumla ya shilingi 3,200.

Zikiwa chini ya mita moja, yuniti huwa 40. Sita za kwanza ni shilingi 480. Kumi na nne zinazofuata ni 1,540. Ishirini za mwisho ni 2,600. Jumla shilingi 4,620. Maji ni yale yale na watu ni wale wale, lakini bili imeongezeka kwa shilingi 1,420.

Mtu atasema, mita nane zina kodi ya mita mara nane. Kweli. Tuseme kodi ya mita ni shilingi 50. Mita nane zinafikisha jumla ya 3,600, na mita moja 4,670. Bado wapangaji wanapoteza zaidi ya elfu moja kila mwezi. Ngazi iliyowekwa kumwinua mnyonge imegeuka, naye ndiye anayepanda mpaka kipande cha juu kabisa.

Na kwetu Diani jambo hili lina upande mwingine ambao husemwa kwa nadra. Bei ya ngazi inategemea wateja wakubwa wawepo kwenye bomba ili ziada yao ifae. Lakini hoteli nyingi za ufuoni zina visima vyake vya kuchimba, kwa vibali vya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na baadhi zina mitambo yake ya kusafisha maji machafu. Wala siwalaumu. Mwenye vyumba mia hawezi kumwambia mgeni asubiri maji yatoke Alhamisi. Lakini matokeo yake ni kwamba wale ambao hesabu iliwatarajia wakae ngazi ya juu hawamo kwa wingi, na nafasi yao huko juu imejazwa na nyumba za kupanga.

Kwa haki, niseme pia kwamba kampuni ya maji nayo ina mzigo. Maji hayashuki yenyewe hadi Ukunda. Chemchemi za Marere, kwenye vilima vya Shimba, na zile za Mzima, ambazo bomba lake lilikamilika miaka ya 1950, zinafaidika na mteremko wa ardhi. Lakini visima vya Tiwi vinahitaji pampu, na pampu zinahitaji umeme. Zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni Pwani imeshuhudia pampu zikikatiwa umeme kwa sababu ya madeni. Kuna pia maji ya jumla yanayouzwa na Wakala wa Uendelezaji wa Huduma za Maji Pwani, ambayo kampuni za kaunti hutakiwa kuyalipia. Juu ya hayo kuna maji yanayopotea kwa mabomba kuvuja, mita mbovu na watu kujiunganishia kwa wizi. Kitaifa, ripoti za WASREB zimeonyesha kwa miaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotolewa hayaleti pesa. Katika kila mitungi kumi, zaidi ya minne haina mlipaji. Wanaolipa ndio wanaobeba ile minne pia.

Kwa hivyo mimi si miongoni mwa wanaosema tusilipe. Asiyelipa bomba huishia kwa mchuuzi wa mkokoteni. Mtungi ukiuzwa shilingi 10, yuniti moja ni shilingi 500. Ukifika 20, ni shilingi 1,000. Watu wa Kwale tunajua kulipia maji. Pampu ya mkono ya Afridev, ambayo leo iko nchi nyingi za Afrika na Asia, ilijaribiwa na kuboreshwa hapa hapa Kwale miaka ya 1980, na vijiji vikajifunza kuchanga pesa za kuitengeneza. Hivi leo kuna huduma ya FundiFix, ambapo kijiji hulipa ada na fundi huja pampu inapokufa. Watu hulipa wanapoona pesa yao inarudi kwa njia ya maji.

Tuje sasa kwenye maji taka, mahali ambapo neno "maji taka" liko kwenye jina la kampuni lakini bomba halipo mtaani. Sehemu kubwa ya Diani, Ukunda na Msambweni inatumia vyoo vya shimo na makaro. Karo likijaa, huitwa gari la kunyonya, na bei ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mwenye gari. Kwa hiyo ikiwa nyumba yako haijaunganishwa na bomba la maji taka, haifai kuwa na mstari wa maji taka kwenye bili. Ukiuona, uliza kwa maandishi ni huduma gani unayolipia.

Lakini kutokuwa na mstari huo hakumaanishi hatulipi. Tunalipa kwa gari la kunyonya, na tunalipa kwa namna mbaya zaidi, maana ukanda wetu wa ufuoni umekaa juu ya jiwe la matumbawe, jiwe lenye matundu na nyufa. Kinachoingia kwenye shimo la choo hakikai hapo. Husafiri chini kwa chini, na kisima cha jirani kiko humo humo. Mwenye kuteka kisimani kwa kuwa bili imemshinda huenda anakunywa kile kilichomwagwa nyumba ya pili. Gharama hiyo hulipwa zahanati, kwa mtoto anayeharisha.

Ndiyo maana mji unaokua kama Ukunda unahitaji mfumo wa maji taka, na ipo siku utajengwa. Siku hiyo mstari mpya utaingia kwenye bili. Kenya, ada ya maji taka kwa kawaida haipimwi na mita yake. Huhesabiwa kutokana na maji uliyotumia. Nairobi kwa miaka mingi kiwango kimekuwa asilimia 75. Rudi kwenye mfano wetu. Asilimia 75 ya 3,200 ni 2,400. Asilimia 75 ya 4,620 ni 3,465. Kasoro ya mita moja itazidishwa mara ya pili, kwa wapangaji wale wale. Tusiporekebisha msingi sasa, usafi tunaouomba utakuja na bei itakayowarudisha watu kwenye shimo.

Dawa ipo, na si ngeni. Kuna kampuni za maji nchini, ikiwemo ya Nairobi, ambazo bei zake zilizoidhinishwa zimekuwa na kundi la nyumba zenye familia nyingi chini ya mita moja, linalotozwa bei moja badala ya kupandishwa ngazi. Njia nyingine ni kugawa yuniti kwa idadi ya familia kabla ya kuhesabu bei. Kwenye mfano wetu, yuniti 40 zikigawiwa familia nane, kila moja inabaki kwenye yuniti 5, ngazi ya chini. Njia ya tatu ni kurahisisha malipo ya kuunganishiwa mita ndogo, yalipwe kidogo kidogo.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mpangaji, omba kuonyeshwa bili. Si ugomvi, ni haki ya anayelipa. Ikiwa wewe ni mwenye nyumba, nenda ofisini uulize mita yako imewekwa kundi gani, na kama kuna kundi la nyumba za familia nyingi. Piga picha ya mita tarehe ile ile kila mwezi. Una lalamiko, liandike, chukua nakala yenye muhuri, na usipojibiwa lipeleke WASREB. Tunza risiti za simu, kwa maana malipo ya M-Pesa yenye nambari ya akaunti iliyokosewa huweza kuingia kwa mtu mwingine.

Na kikao cha kukusanya maoni juu ya bei kitakapotangazwa tena, twendeni. Mara nyingi vikao hivi huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wenye nyumba na wenye biashara, na mazungumzo huwa ni kama bei ipande au isipande. Wapangaji wa Ukunda, Mwabungo na Msambweni wana swali lao mahsusi la kuuliza, na wanaofaa kulijibu ni KWAWASCO, idara ya maji ya kaunti na WASREB wakiwa chumba kimoja. Familia nane zinazotumia yuniti tano tano zinahesabiwa kama wateja wanane wadogo, au kama mteja mmoja mkubwa?