Thawabu Hailipi Nauli ya Doldol



Kijana mwenzangu, kuna maneno umeyasikia mara nyingi, na pengine umewahi kuyasema wewe mwenyewe. Kila ukizuka mjadala wa kuwaongezea mshahara wanaoshughulikia watoto, au kuwapa posho wale wa kujitolea wasiopata hata ndururu, hakosi mtu wa kusema: "Hiyo kazi ni wito. Anayetaka pesa akafanye biashara. Malipo yao yako kwa Mungu."

Maneno matamu hayo. Na aghalabu yanasemwa na mtu ambaye mshahara wake wa mwezi umeshaingia benki. Leo nataka tuyabishie, mimi na wewe, na tuanzie Doldol, kwa sababu huko ndiko yanakovunjika vibaya zaidi.

Kama hujawahi kufika, Doldol ni makao makuu ya Laikipia Kaskazini. Unatoka Nanyuki, unauacha Mlima Kenya nyuma yako, unakwenda kilomita hamsini na ushei mpaka nchi kavu ya Mukogodo. Huko ni kwa Wamaasai na Wayaaku, watu wa mifugo, na kutoka boma moja hadi jingine ni mwendo wa kuchosha. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliwapiga kama ulivyopiga kaskazini yote. Misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Ng'ombe wakiisha bomani, kuna wazazi wanaoanza kumtazama binti yao kama ndiye mali iliyobaki. Hilo halisemwi kwenye mikutano, lakini walimu wa huko wanalijua.

Sasa tuseme ni Jumanne. Mwalimu anamnong'oneza mama mmoja wa kujitolea kwamba msichana wa gredi ya sita hajaonekana shule wiki mbili, na kuna fununu kuwa amekeketwa na anaandaliwa kuozwa. Mama huyu ndiye jicho la ofisi ya watoto pale kijijini. Zamani watu kama yeye tuliwaita maafisa wa watoto wa kujitolea, siku hizi wanaitwa walinzi wa watoto wa kujitolea. Jina limebadilika, mfuko uko vilevile.

Afanye nini? Kwanza anapiga simu, na krediti ni yake. Afisa wa watoto ni mmoja, eneo ni kubwa, na siku hiyo gari halipo, au lipo na mafuta hakuna. Basi mama anakodi boda hadi bomani, pesa zake. Akimpata mtoto, ampeleke hospitali. Nauli sasa ni ya watu wawili. Kuna kuandikisha OB polisi, kuna fomu ya P3, kuna kumtafutia mtoto mahali pa kulala usiku huo kwa sababu nyumbani hakurudiki. Baadaye kesi iende mahakamani Nanyuki. Na wewe unazijua kesi zetu. Unafika asubuhi, unaambiwa hakimu yuko likizo, rudini tarehe fulani. Kila tarehe ni nauli ya kwenda na kurudi, na mtoto lazima ale mchana.

Mzee wa upande wa yule bwana harusi ana pikapu.

"Mama, unahangaika na jua hili? Panda tukusogeze."

Hapo ndipo kesi nyingi zinapofia. Haiko haja ya bahasha nene wala vitisho, ni lifti tu. Mama akishapanda gari la mshtakiwa, njiani wanazungumza, wanakumbushana ujirani, wanafika Nanyuki wameshaelewana. Au mama anakataa lifti, anarudi kwake, na mahakamani hafiki mtu. Shahidi asipotokea mara tatu, nne, faili linafungwa. Kisha tunauliza mbona watu wa Mukogodo hawaachi mila zao.

Kwa hiyo ninaposema walipwe, sisemi kwa kuwahurumia. Nasema kwa sababu mlinzi asiye na nauli yake atapanda gari la mtu, na mwenye gari ndiye atakayechagua njia.

Na sisi Waislamu tusijifanye haya ni ya wengine, ya Wamaasai na mbuzi wao. Kule Garissa na Wajir tunalo neno letu zuri, MASLAHA, neno la kuleta kheri, ambalo tumelifanya shuka la kufunikia watoto walionajisiwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweza kumpeleka mtu jela maisha kwa kumnajisi mtoto mdogo. Wazee wanakaa chini ya mti, wanakubaliana ngamia wangapi, mtoto haulizwi. Nani ataingia katikati ya kikao kile aseme hapana, hili ni la mahakama? Kijana wa kujitolea ambaye ada ya shule ya wanawe inachangwa na wazee walewale? Tuwe wakweli, wallahi.

Sasa turudi kwenye ile hoja ya thawabu, maana hiyo ndiyo inayotufunga mdomo misikitini.

Fungua Sura At-Tawba, aya ya 60. Allah amewataja wanaostahili zaka, mafungu manane. Mafakiri wa kwanza, maskini wa pili. Unamjua wa tatu? Ni wale wanaoishughulikia zaka yenyewe, wafanyakazi wake. Hawakuambiwa wasubiri malipo ya Akhera kwa kuwa wanahudumia maskini. Wamepewa fungu lao papo hapo, kabla hata ya mwenye deni na msafiri. Anayemhudumia mnyonge ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana haki. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu kibarua na jasho lake unayajua tangu madrasa, sina haja ya kukusomea.

Na Sayyidna Abu Bakr (R.A.) je? Alipopewa ukhalifa, asubuhi alionekana amejitwika nguo zake anaelekea sokoni kama kawaida yake, kwa sababu ana watoto wa kulisha. Umar akamzuia. Wakakaa, wakamkadiria posho kutoka hazina ya Waislamu, ili kazi ya watu isishindane na unga wa nyumbani. Huyo ni Abu Bakr. Kama ikhlasi ya Abu Bakr haikutosha kulisha familia yake, ya mama wa Doldol itatoshaje? Nia yake njema haipungui kwa kulipwa. Kinachopungua ni uwezo wa wengine kumnunua.

Watakuambia pesa hazipo. Aprili 2024 wakubwa walikusanyika Bomas kwa mkutano mzima wa kujadili mzigo wa mishahara ya umma, na tukaambiwa mzigo huo lazima ushuke mpaka asilimia 35 ya mapato. Sawa, hesabu ni hesabu. Lakini nchi hiyohiyo ilikuwa na ratiba ya kumwongezea mbunge kutoka shilingi 725,502 kwa mwezi hadi 739,600 kuanzia Julai 2024. Toa hesabu mwenyewe: nyongeza peke yake ni 14,098. Nyongeza hiyo ilisitishwa, na ilisitishwa kwa sababu nyinyi vijana mliingia barabarani mwezi wa Juni. Tume ya mishahara haikuota usiku ikaamka na huruma. Mlisema, wakasikia.

Pia kuna mfano wa karibu zaidi. Wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba na mikoba yao, kwa miaka mingi nao waliambiwa ni wito. Septemba 2023 serikali ikawazindua upya pale Uhuru Park, kama laki moja nchi nzima, kwa posho ya 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Posho ni ndogo, na kuna kaunti zinazoichelewesha, najua. Lakini mlango umefunguliwa. Aliyeweza kumlipa anayepima shinikizo la damu bomani anashindwaje kumlipa anayemtoa mtoto bomani humohumo? Mara nyingine ni mama yuleyule mmoja. Asubuhi ni mhudumu wa afya na ana posho, mchana ni mlinzi wa watoto na hana kitu.

Nitakuambia wanashindwa kwa nini. Mtoto hapigi kura, hana chama, hawezi kugoma. Madaktari waligoma siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, nchi ikatetemeka. Walimu wana KNUT tangu 1957. Mlinzi wa watoto wa kujitolea akigoma leo, nani atajua? Atakayejua ni yule msichana, naye hana simu. Ujerumani wafanyakazi wa chekechea na ustawi wa jamii walio chini ya miji waligoma, na Mei 2022 wakapata nyongeza ya euro 130 kwa mwezi, wale wa ustawi euro 180, na siku mbili zaidi za kupumzika kwa mwaka. Huko nako waliambiwa ni kazi ya moyo. Lakini wana chama kikubwa na mahali pa kukusanyika.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siidharau. Wengine wanasema: hao maafisa tunawajua, wengine wanakula hongo wakiwa na mshahara wao kamili, ukiwaongezea watakula kwa sahani kubwa zaidi. Ni kweli wapo. Mshahara haumfanyi mwizi kuwa walii. Lakini mtu unayemlipa unaweza kumfuta kazi, una mkataba naye, una faili lake, unamdai ripoti. Yule usiyemlipa utamfuta kwenye nini? Leo mlinzi wa kujitolea akiuza kesi, adhabu yake ni kwamba ataacha kufanya kazi ya bure.

Na wale wanaosema heri hizo pesa wapewe watoto wenyewe? Wanapewa, kidogo. Inua Jamii inatoa 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zenye mayatima. Lakini nani aliyejua kwamba nyumba ile ina mayatima? Nani aliyewaandikisha? Nani anayegundua kwamba mjomba anazichukua na kuzinywea? Ni walewale tunaobishania posho yao. Hata ile nambari ya bure ya watoto, 116, ukiipiga utapokelewa vizuri, lakini anayepokea hawezi kutoka ndani ya simu akafika Kimanjo au Ilpolei. Lazima atumwe mtu mwenye miguu.

Hili linatugusa sisi moja kwa moja pia. Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kafala, ule utaratibu wetu wa kumlea yatima bila kumpokonya nasaba yake. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kafala kwa sheria si kumchukua mtoto tu ukaenda naye. Lazima mtu aje aone nyumba, aulize majirani, arudi baada ya muda ahakikishe yatima hakugeuzwa kijakazi. Sheria hiyohiyo imepandisha umri wa kushtakiwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Alhamdulillah, lakini mtoto wa miaka kumi anayeiba simu Majengo, iwe ya Nanyuki au ya Nyeri, haendi tena kizimbani, basi anakwenda wapi, na kwa nani? Bunge liliandika kazi mpya nyingi ndani ya sheria ile. Kazi haifanywi na karatasi.

Doldol inaijua bei ya kusubiri. Kwa miaka mingi wanajeshi wa Uingereza walifanya mazoezi kwenye ardhi ile na kuacha mabomu yasiyolipuka. Watu waliuawa na kukatika viungo, wengine watoto waliokuwa wakichunga mbuzi, wakaokota chuma wakidhani ni cha kuchezea. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200 wa Doldol na Archer's Post. Mamilioni yalipatikana baada ya mikono kukatika. Pesa za mtoto mzima, za kumlinda asubuhi kabla hajaumia, ndizo zinazoitwa mzigo.

Basi wewe hapo Nanyuki, Nyeri, Isiolo, popote ulipo. Kila mwaka kabla ya bajeti ya Juni, Bunge hukusanya maoni ya wananchi, na watu huenda kusema barabara, maji, stima. Safari hii mmoja wenu asimame na jambo hili. Usiende na hotuba. Nenda na nauli: kutoka bomani hadi Doldol ni ngapi, Doldol hadi Nanyuki ni ngapi, kesi moja ina safari ngapi, na sasa zinatoka mfukoni mwa nani. Taka walinzi wa watoto wawekwe kwenye posho angalau kama wale wa afya, na afisa wa watoto alipwe kulingana na eneo analolizunguka na awe na mafuta ndani ya gari. Andika, weka sahihi, baki na nakala. Wakikuuliza pesa zitoke wapi, waambie waanze kuhesabu kutoka ile 14,098.