SHERIA ZA BARABARANI SI ZA KUKARIRI

Leo ningependa kutoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi wetu twadhani halituhusu hadi tufikishe miaka 18, nalo ni mtihani wa nadharia ya udereva.

Kwa wasiojua, hapa Kenya hupewi leseni kwa kuzungusha usukani tu. Mtahini hukusimamisha mbele ya ubao uliochorwa mji mdogo wenye barabara, njia panda, mizunguko na maegesho. Hukupa kigari cha kuchezea na kukuambia, "Toka hapa, nifikishe pale." Pia hukuuliza maana ya alama za barabarani. Usipoyajua hayo, leseni utaisikia kwa wenzako.

Kaka yangu anajitayarisha kwa mtihani huo. Jioni yeye hupanga vizibo vya soda mezani vikawa magari, nami huwa mtahini wake. Lililonishangaza ni kwamba sheria zote anazitaja bila kupumua, mithili ya kasuku: "Kaa kushoto isipokuwa unapopita gari jingine au unapokata kulia." Lakini nilipomuuliza kwa nini kwenye mzunguko tunampisha anayetoka kulia, alinyamaza tuli. Ati shuleni kwao waliambiwa, "Shikeni tu majibu, mtapita."

Hapo ndipo ninapokataa katakata. Sisi huendesha magari upande wa kushoto, kwa hivyo walio tayari ndani ya mzunguko hutujia kutoka kulia. Kila anayefika akijiingiza tu, mzunguko utajaa na hakuna atakayetoka. Mtu akielewa hivyo, hatasahau hata akiwa na haraka. Aliyekariri husahau pindi tu anapoitia leseni mfukoni.

Tazama pia alama zenyewe. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la buluu linaamuru. Alama ya kusimama ina pande 8, na umbo hilo halifanani na nyingine, hata ikiwa na vumbi utaitambua. Ukijua mpango huo, huna haja ya kukesha ukikariri alama moja moja.

Nayo kasi je? Sisi wa kidato cha tatu tumejifunza katika fizikia kwamba kasi ikiongezeka mara 2, nishati ya mwendo huongezeka mara 4. Basi gari la kilomita 80 kwa saa likifunga breki huhitaji umbali wa takriban mara 4 kuliko la kilomita 40. Tena kwa kasi hiyo ya 80, gari hupita zaidi ya mita 22 kwa sekunde 1. Huo ni urefu unaouzidi uwanja wa voliboli, na dereva hajagusa breki bado! Ndiyo maana kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zililazimisha matatu kuwekwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80.

Najua wengine watasema, "Wewe huna hata baiskeli, leseni ya nini?" Jamani, sisi wa shule ya kutwa hutembea kando ya barabara asubuhi na jioni. Humu nchini watembeao kwa miguu ndio wanaokufa kwa wingi zaidi katika ajali za barabarani. Mwanafunzi anayejua umbali ambao gari huhitaji ili lisimame hawezi kukimbia mbele ya matatu ati kwa sababu dereva amemwona. Kuonwa ni jambo moja, gari kusimama ni jambo jingine.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi wanachama wa Kiswahili. Karatasi alizopewa kaka yangu zote ni za Kiingereza. Tukizieleza kwa Kiswahili nyumbani, yeye huelewa upesi. Kwa nini chama chetu kisichore alama hizo kwenye kadibodi, kikaandika maana yake kwa Kiswahili sanifu na kuzibandika ukumbini? Walimu wetu watusahihishe, nasi tuwafunze ndugu zetu, wakiwemo wale wanaotafuta riziki kwa boda boda.

Kwa wanaojitayarisha, ushauri wangu ni huu: kila jibu uliulize "kwa nini?" Mtahini utakutana naye siku moja, lakini barabara utakutana nayo kila siku. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Wasalaam.