Mgonjwa wa mionzi Dar: Gesti ya elfu 20 yaishinda kwa gharama kodi ya miezi sita

MGONJWA wa saratani anayetoka Kigoma, Songea au Sumbawanga kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam hubeba barua ya rufaa, majibu ya vipimo na fedha zilizochangwa na ukoo. Jambo ambalo barua hiyo kwa kawaida hailigusi ni mahali atakapolala.

Kwa wagonjwa walio wengi, tiba ya mionzi haihitaji kulazwa wodini. Mgonjwa huingia kwenye mashine kwa dakika chache, akatoka, akarudi kesho yake, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, mionzi ya nje hutolewa takriban mara 25, sawa na wiki tano, na mara nyingi hufuatiwa na mionzi ya ndani.

Ikiongezwa wiki moja ya vipimo na maandalizi, mgeni huyo anahitaji kitanda kwa usiku 42 katika jiji ambalo pengine hajawahi kulikanyaga. Siku za mashine ni 25 tu. Nyingine ni za kusubiri, lakini kitanda hulipiwa zote.

Bei zinazotumika katika hesabu ifuatayo ni za mfano, kwa kuwa gesti ya Manzese si sawa na ya Kariakoo, wala chumba cha Mbagala si sawa na cha Kinondoni. Anayejua bei za mtaa wake anaweza kuziweka mahali pa hizi. Mwelekeo wa hesabu hautabadilika sana.

Basi la mkoani humshusha mgonjwa na msindikizaji wake katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Wamechoka, wana mizigo, na giza linaingia. Hapo gesti ya Sh20,000 huonekana nafuu kuliko kitu chochote, na kwa usiku huo mmoja ni kweli.

Kwa usiku 42, gesti hiyo inafika Sh840,000. Hata hivyo, bei ya kitanda ni sehemu tu ya gharama. Gesti haina jiko, na mwenye gesti hakubali mkaa chumbani. Watu wawili hulazimika kula kwa mama lishe asubuhi, mchana na jioni. Kwa makadirio ya Sh7,000 kwa kila mmoja, chakula ni Sh14,000 kwa siku, au Sh588,000 kwa muda wote. Jumla inakuwa Sh1,428,000, kabla ya nauli.

Lipo pia suala la saa. Gesti nyingi humtaka mgeni aachie chumba au alipie siku nyingine ifikapo saa nne asubuhi. Mgonjwa aliye kwenye foleni ya mashine muda huo hawezi kwenda kujadiliana na mhudumu wa mapokezi, hivyo hulipa jana yake ili kujihami. Akiamua Ijumaa kwenda kwa shangazi yake Kibaha kwa siku mbili, Jumapili jioni anaweza kukuta chumba kimepata mtu.

Chumba cha kupanga kina hesabu nyingine. Tuchukue chumba kimoja cha Sh70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani Sh420,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, Sh70,000. Godoro, jiko, sufuria na ndoo zikigharimu Sh150,000, mpangaji anatakiwa kuwa na Sh640,000 kabla hajalala usiku wa kwanza.

Baada ya hapo gharama hushuka. Watu wawili wanaojipikia uji, ugali, maharage na mboga wanaweza kutumia Sh6,000 kwa siku, sawa na Sh252,000 kwa siku 42. Jumla ni Sh892,000. Ni pungufu ya gesti kwa Sh536,000, na chumba bado ni chao kwa zaidi ya miezi minne, muda unaotosha kurudi kuonwa na daktari baada ya tiba. Mwenye nyumba akikubali miezi mitatu, jumla inashuka hadi Sh682,000.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Familia nyingi zinajua kwamba chumba ni nafuu, lakini fedha haziji kwa mkupuo. Kaka anatuma Sh50,000 leo kwa simu, kikundi cha kanisani kinatuma Sh80,000 wiki ijayo, na mbuzi wa mgonjwa anauzwa siku ya mnada. Fedha za namna hiyo zinaweza kulipa gesti, kwa sababu gesti hudai Sh20,000 kila asubuhi. Haziwezi kulipa Sh640,000 siku ya kwanza. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo analala mahali pa gharama kubwa zaidi, si kwa kutojua hesabu, bali kwa sababu kodi ya Dar es Salaam imepangwa kwa ajili ya mtu mwenye akiba.

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo muda wa kulipa kabla umebaki kuwa mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Mgonjwa mwenye miadi ya Jumatatu hana nguvu ya kupatana.

Chumba hakifai kila mgonjwa. Kwa bei hizi, anayelala gesti hutumia Sh34,000 kwa siku na aliyepanga hutumia Sh6,000 baada ya malipo ya mwanzo. Gharama hizo mbili hukutana kwenye siku ya 23. Anayekuja kwa mionzi ya kupunguza maumivu, ambayo huweza kutolewa mara moja au kwa siku tano, atapoteza fedha akipanga chumba. Anayekuja kwa wiki tano au zaidi atapoteza akibaki gesti. Ndiyo maana idadi ya wiki ni taarifa yenye thamani ya fedha, na mgonjwa angestahili kukadiriwa muda huo hospitalini kwao, kabla hajakata tiketi.

Hoteli haihitaji maelezo marefu. Kwa Sh80,000 pamoja na kifungua kinywa, usiku 42 ni Sh3,360,000. Nyumba zinazopangishwa kwa siku zikiwa na jiko na samani huanza kuwa na maana pale familia mbili au tatu zinapoungana, jambo ambalo ni gumu kwa watu waliokutana kwenye benchi la hospitali siku hiyohiyo.

Wapo wanaofikia kwa ndugu, na wengi huhesabu hiyo kuwa bure. Nyumba ya ndugu ikiwa Chanika au Bunju, mgonjwa na msindikizaji hupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa Sh700 kila safari ni Sh5,600 kwa siku, sawa na Sh140,000 kwa siku 25. Hiyo ni kwa mgonjwa anayeweza kusimama. Kadiri wiki zinavyosonga, mionzi huleta uchovu na kuharisha, na mtu wa hali hiyo hawezi kubanwa mlangoni mwa daladala. Siku 10 za bajaji ya Sh30,000 kwenda na kurudi ni Sh300,000 nyingine. Na jembe ambalo wahenga walisema mgeni apewe siku ya tatu, kwa mgonjwa huja kwa sura ya mchango wa unga na umeme wa luku.

Kigamboni huwavuta baadhi kwa sababu nauli ya kivuko cha Magogoni ni ndogo. Ilipandishwa hadi Sh200 mwaka 2012. Upande wa pili, kituo cha mwendokasi cha Kivukoni, kilichoanza kutumika mwaka 2016, kimewasaidia wanaoishi kandokando ya Barabara ya Morogoro.

Hesabu hizi zina matokeo ya kitabibu. Wataalamu wa saratani ya shingo ya kizazi hushauri tiba yote ikamilike ndani ya wiki nane, kwa sababu kurefuka kwake hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe. Sikukuu ikiangukia katikati ya wiki, au mashine ikisimama kwa matengenezo, aliye gesti huongezewa Sh34,000 kwa kila siku. Fedha zikikatika wiki ya nne, hulazimika kurudi kijijini kutafuta nyingine, na anaporudi saa ya tiba imekwishapita. Bima ya afya hulipia mionzi, si kitanda cha gesti, na hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inalenga huduma za matibabu.

Wazo la kumpa mgonjwa mahali pa kulala nje ya wodi si geni nchini. Katika baadhi ya wilaya zipo chigonella, nyumba ambako wajawazito wanaoishi mbali husubiri siku ya kujifungua wakiwa karibu na hospitali. Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha huendesha Ujasiri House kwa ajili ya watoto wenye saratani na wazazi wao. Marekani, Chama cha Saratani cha nchi hiyo kilifungua nyumba ya kwanza ya aina hiyo kwa watu wazima mwaka 1970 huko Charleston, na wanaolala humo hawatozwi.

Hata bila kujenga, ipo njia ya gharama ndogo. Hospitali inayotoa rufaa, halmashauri au jumuiya ya dini ikimdhamini mgonjwa kwa mwenye nyumba ili alipe mwezi kwa mwezi, miezi miwili ya chumba kilekile ni Sh140,000. Pamoja na dalali, vyombo na chakula, jumla inakuwa Sh612,000, chini ya nusu ya gharama ya gesti.