Nemo Si wa Sebuleni

Umeona video TikTok: tangi la kioo, taa ya samawati, samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe anazungukazunguka. Sasa nawe unataka. Uwe Garsen, Hola au umeshahamia Nairobi kusaka kazi, maoni yetu ni yale yale: huyo mwache baharini.

Anza na maji. Wengi hudhani ukitoka kaunti yenye pwani, maji ya bahari si shida. Lakini Tana inamwagika Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana, ikiwa imebeba udongo wa kutoka bara. Matumbawe yanataka maji maangavu, ndiyo maana mdomoni mwa mto huoni miamba kama ya Malindi na Watamu. Ukichota jerikani pale umechota tope na chumvi pungufu. Samaki wa mwambani amezoea gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Na kwa joto la Garsen maji yanapungua kila siku huku chumvi ikibaki pale pale, kwa hivyo usipoongeza maji yasiyo na chumvi, samaki anakaa kwenye achari.

Halafu kuna uchafu. Samaki anajisaidia kwenye maji yale yale anayopumua. Baharini amonia hiyo inapotea, kwenye kioo inabaki na inaua. Bakteria wa kuimaliza huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na muda huo tangi lafaa likae bila samaki. Sasa nani atanunua tangi akae mwezi mzima akitazama maji matupu? Watu huweka samaki siku hiyo hiyo, wiki ikiisha wanazika.

Stima nayo unaijua. Agosti 25, 2023 ilipotea karibu nchi nzima, saa baada ya saa. Pampu ikizima, samaki hawangoji fundi.

Na hata stima ikiwepo, utamlisha nini? Kuna kitatange ambao chakula chao ni matumbawe hai, basi. Kuna yule mdogo anayesafisha wenzake kwa kula wadudu walio mwilini mwao. Ukimweka peke yake hana mteja, anakonda hadi afe. Anayekufa kwako, mwingine anatolewa mwambani kuchukua nafasi yake, na miamba yetu iliungua vibaya kwa joto la 1998. Wapiga mbizi wa pwani wanaowakamata wa kuuzwa Ulaya na Marekani hatuwalaumu, wanatafuta unga. Wewe unatafuta picha.

Kama ni samaki unataka, kuna wa kwenu. Kwenye madimbwi ya mvua kando ya Tana wanaishi samaki wadogo wanaoitwa na wataalamu Nothobranchius. Dume anang'aa rangi utadhani ametoka mwambani, jike ni wa kijivu tu. Dimbwi likikauka wazazi wote wanakufa, lakini mayai yanabaki hai ndani ya udongo miezi kadhaa, mvua ikirudi yanaanguliwa, na baada ya wiki chache watoto wenyewe wanataga. Wapo wafugaji Ulaya wanaotumiana mayai hayo kwa posta, kwenye mboji yenye unyevu, na kila pakiti ina jina la mahali samaki walikochotwa. Yaani mtu wa Ujerumani anaweza kumjua samaki wa bonde la Tana kuliko kijana aliyezaliwa Garsen!

Huyu naye anataka maji yabadilishwe, na kwa kawaida haishi muda mrefu. Lakini amezaliwa kwenye tope na jua lako. Muulize kwanza afisa wa uvuvi wa kaunti, chota wachache, na usiwahi kumwaga samaki wa dukani mtoni.

Mvua zikianza, chungulia dimbwi la kando ya barabara ya Malindi–Garsen kabla halijajazwa kifusi.