Kodi ya Kucheleweshwa

Hivi karibuni alinijia mwalimu mmoja niliyemfundisha chuoni. Baada ya shikamoo alitoa hati yake ya mshahara akaiweka mezani. "Mkuu, wamenilipa malimbikizo ya miaka mitatu. Hebu nisaidie kuona zilikokwenda." Nikavaa miwani, tukachukua kalamu.

Alipandishwa daraja, mshahara ukabaki wa zamani: mapato ya kutozwa kodi yakawa 600,000 kwa mwezi badala ya 720,000. Mshahara ulirekebishwa Januari, malimbikizo yakafuata. Upungufu wa 120,000 kwa miezi 36 ni 4,320,000. Zingelipwa kwa wakati wake, zingetozwa asilimia 20, yaani 864,000. Zilipoingia zote katika mwaka mmoja zilimpandisha hadi ngazi za asilimia 25 na 30. Hesabu ya mwaka ikatoa 1,104,000. Tofauti ni 240,000, nyongeza ya miezi miwili mizima. Kosa lake ni kucheleweshewa haki yake.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataka mapato ya mwajiriwa yahesabiwe pale anapoyapokea. Watetezi husema hiyo ni huruma: hutozwi kodi ya fedha ambayo hujaishika. Nakubali, kwa aliyelipwa kwa wakati. Lakini mwenye duka akiona mwaka umemnenepea, malipo ya Desemba anaweza kuyapokea Januari, na matengenezo ya duka akayalipia mapema. Kalenda iko mkononi mwake. Kalenda ya mwalimu iko mkononi mwa mdeni wake. Na mdeni huyo akiwa ni Serikali, basi anayechelewesha ndiye anayevuna.

Tusiambiwe kwamba haiwezekani. Jirani zetu Kenya, sheria yao inayarudisha malimbikizo kwenye miaka yaliyostahili kulipwa, kwa ukomo wa miaka kadhaa. Hesabu yenyewe haizidi ya darasa la saba.

Dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa hii inamwongezea mgonjwa homa. Nasema sheria irekebishwe, kila shilingi ihesabiwe katika mwaka ilipofanyiwa kazi. Chuoni niliwaonya wanachuo wangu daima: darasa likichelewa kwa sababu ya mwalimu, mwanafunzi haadhibiwi.