Mtoto wa Kiislamu katika shule ya Kikatoliki: sulhu ni haki, si maneno

Theta ni jina geni kwa wengi wetu tulioko Mombasa, Malindi na Lamu. Ni wadi katika eneo la bunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, baina ya Ruiru na Thika. Zamani nchi ile ilijulikana kwa mashamba ya kahawa na vibarua wake. Leo, na hasa tangu ile barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipokamilika mwaka 2012, mashamba mengi yamekatwa viwanja, na watu wa kila kabila na kila dini wanapanga au kujenga huko kwa ajili ya kazi za viwandani, za serikali na za biashara. Miongoni mwao wamo na watoto wa Pwani.

Na hapo ndipo lizukapo suali ambalo mimi huulizwa kila jamaa anapopata uhamisho wa kwenda bara. Shule iliyo karibu na nyumba ina jina la mtakatifu, na langoni pana msalaba. Je, mzazi Mwislamu ampeleke mwanawe pale, au amrudishe Mombasa akalelewe na bibi yake? Na akimpeleka, mtoto atarudi nyumbani na nini?

Ndugu msomaji, suali hili aghlabu hujibiwa kwa hamaki. Mimi napenda tulitazame kwa utulivu, kwa sababu lina pande mbili, na mmoja wapo unatuhusu sisi wenyewe.

Kwanza tujue ni kitu gani kifunzwacho huko. Mtoto wa Kikatoliki akiwa shule ya msingi hutayarishwa kwa Komunyo ya kwanza, na kabla ya hiyo hufunzwa Sakramenti ya Kitubio, ambayo huitwa pia Upatanisho. Hufunzwa kwamba mwenye kukosa hana budi ajute moyoni, aungame kosa lake, kisha afanye malipizi. Aliyeiba haitoshi kusema nisamehe. Yampasa arudishe alichoiba. Kadhalika, kila mwaka katika siku 40 za Kwaresima maaskofu wa Kenya hutoa mafunzo juu ya haki na amani, yakasomwa parokiani na katika zile jumuiya ndogo ndogo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizisisitiza tangu miaka ya 1970, majirani wakikutana nyumba kwa nyumba kusali na kusaidiana.

Je, haya ni mageni kwetu? Imamu Nawawi katika Riyadhu Swalihina ameyataja masharti ya toba: kuacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Na ikiwa dhambi yenyewe inahusu haki ya mja, basi kuna sharti la nne, nalo ni kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe au kumtaka radhi. Sisemi kwamba dini hizi mbili ni moja. Zinatofautiana, tena katika mambo makubwa. Nasema tu kwamba juu ya jambo hili moja, padre na sheikh hawana ugomvi. Wote wawili wanakataa msamaha wa mdomoni.

Hata maneno yao yametoka kwetu. Kitubio ni neno lililozaliwa na tubu, na tubu ni toba. Imani, dhambi, rehema, sala, sadaka, baraka na malaika: mtoto wa Pwani akikaa kimya katika ibada ya asubuhi huko Theta atayasikia yote, na yote yana asili ya Kiarabu kilichokwisha kuwa Kiswahili kabla ya mmishenari wa kwanza kushuka pwani. Mapadre Wakatoliki walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 Shirika la Roho Mtakatifu likafungua misheni Bagamoyo, wakati wa enzi ya Sayyid Majid, mfalme Mwislamu. Hapo ndipo walipojifunza lugha. Mmoja wao, Padre Charles Sacleux, alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939. Shirika hilo hilo ndilo linalohesabiwa kuwa lilipanda kahawa Bura, katika nchi ya Taita, mwaka 1893, na mwaka 1899 likafika nchi ya Wakikuyu na kufungua misheni ya St. Austin karibu na Nairobi, ambako kahawa pia ilipandwa. Basi kahawa na Ukatoliki vyote vilipitia pwani kabla ya kufika Kiambu.

Lakini historia hiyo ina kidonda, na kidonda hakiponi kwa kufunikwa. Wakati wa ukoloni sehemu kubwa ya elimu nchini ilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu aliona kwamba mlango wa shule ndio mlango wa ubatizo, mtoto akatoka nyumbani Juma akarudi Joseph. Wengi wakakataa. Kukataa huko kulihifadhi dini, lakini kulituacha nyuma katika kazi na vyeo, na machungu yake tunayo hadi leo.

Si kila mtu aliridhika na njia hiyo ya kukataa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake 1947, alitoa Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Aliwaonya Waislamu juu ya mafunzo ya wamishenari, lakini papo hapo aliwahimiza watafute elimu ya kisasa bila ya kuiacha dini yao. Tuliangalie jina la gazeti lake. Islahi na sulhu ni maneno ya shina moja katika Kiarabu. Kutengeneza kilichoharibika na kupatanisha waliogombana ni kazi moja.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa maana mzazi asiyeijua huomba kama fadhila kitu ambacho ni haki yake. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, shule nyingi za misheni ziliingia chini ya usimamizi wa Serikali, na makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 27, inampa mdhamini kazi ya kulea maisha ya kiroho ya shule, lakini inamtaka vile vile ailinde dini ya wasiokuwa wa madhehebu yake. Na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 32, inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya dini yake, na inakataza kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Yafaa kutofautisha: shule ya umma yenye mdhamini Mkatoliki si sawa na shule ya kibinafsi ya Kanisa, ambako mzazi huingia kwa mapatano na kulipa karo. Hiyo ya pili haina mdhamini wa namna hiyo, lakini nayo haiko nje ya Katiba.

Hata hivyo sheria haijamaliza kila jambo. Wengi tunaikumbuka kesi ya wasichana wa shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, ambayo mdhamini wake ni Kanisa la Methodisti. Waislamu walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2015. Mahakama ya Rufani ikawakubalia Septemba 2016. Kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba madai yale hayakufikishwa mahakamani kwa njia iliyo sawa. Miaka mitano ya mawakili, na kiini cha mambo kikarudishwa shuleni, kwa wazazi na bodi. Kama kuna funzo, ni kwamba suala la kitambaa cha kichwani lingemalizwa mezani mapema, laiti pande zote zingeketi.

Hapo ndipo ninapoipima shule ya Kikatoliki ya Theta au ya popote pengine. Kipimo changu si uzuri wa nyimbo zake wala idadi ya waliobatizwa. Ni yule mtoto mmoja asiye wao. Je, wakati wa Misa anapata mahali pa kukaa na kitabu chake, au anaburutwa kanisani? Je, anasomeshwa somo la Dini ya Kiislamu, ambalo limo katika mtaala wa taifa, au anaambiwa hakuna mwalimu, kwa hiyo asome Ukristo na afanye na mtihani wake? Je, Ramadhani mwalimu wa michezo anajua kwamba amefunga? Chakula si tabu kubwa, maana githeri haina shubuha. Lakini Ijumaa adhuhuri ni ngumu. Shule ifunzayo upatanisho, kisha mtoto mmoja akanung'unika ndani yake kwa kunyimwa haki, haijafunza kitu. Wala hayo si matakwa ya Waislamu peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Oktoba 1965, uliwataka Wakatoliki wawaheshimu Waislamu na kufanya juhudi ya kuelewana nao baada ya uhasama wa karne nyingi.

Lakini wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mizani hii tukiishika Theta, hatuna budi tuishike na nyumbani. Tarehe 13 Agosti 1997, vijana waliochochewa na siasa walivamia kituo cha polisi cha Likoni, na siku zilizofuata watu wa bara wakashambuliwa na kuchomewa nyumba na vibanda vyao. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakahama. Wengi wao walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni, wakalala pale na watoto wao. Miongoni mwao walikuwamo Wakikuyu. Ni nani ajuaye kama mwalimu atakayempokea mwanao huko Kiambu si mmoja wa wale watoto? Mwenye kovu usidhani kapoa. Baada ya msiba ule masheikh na maaskofu wa Pwani walijifunza kukaa meza moja. Lakini ni nani katika sisi wa kawaida aliyewahi kumtafuta jirani yake aliyehama, akamtaka radhi kwa kunyamaza kwake?

Na tusiseme haiwezekani. Tarehe 21 Desemba 2015 basi liendalo Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wauaji waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Mmoja wao, Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Kazi yake ilikuwa ualimu. Alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, watu 148 walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na Wakristo ndio waliosakwa. Mwalimu Salah hakuongoja kamati imwambie la kufanya.

Basi jibu langu kwa mzazi aliyepata uhamisho ni hili. Mpeleke mtoto, lakini usimtupe. Nenda wewe mwenyewe kwa mwalimu mkuu siku ya kwanza, kwa adabu, ueleze dini ya mwanao na nini hakimfai. Gombea nafasi katika chama cha wazazi, maana bodi isiyokuwa na Mwislamu haitaijua Ijumaa. Unganeni wazazi wachache mwombe mwalimu wa dini yenu. Thika na Ruiru kuna misikiti, na Jumamosi ni siku ya chuo. Na mtoto akirudi nyumbani akuambie leo wenzake wamefunzwa kuungama, usimkemee. Muulize: nawe leo umemkosea nani, na umemrudishia haki yake?

Akilijibu suali hilo kwa ukweli, dini yake haina hofu na msalaba ulioko langoni.